Goti la Kadar Siku ya Soko

Kadar alikuwa na miguu miwili mirefu, na Jumatano hiyo hakuna hata mmoja uliokubali kutulia. Alikaa juu ya dumu la maji lililopinduliwa, magoti yakamfika kidevuni. Akasimama, mbuzi wakatawanyika. Akakaa tena. Bibi yake alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi kabla hajaamua kumpiga.

"Waryaa, Kadar! Kaa ama simama. Hiyo ya katikati ni kazi ya ngamia."

"Ayeeyo, saa ngapi sasa?"

"Saa ya kuuza mbuzi."

Ayeeyo Abshiro, mama wa baba yake, alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la mifugo la Garissa tangu Kadar hajazaliwa, tangu huyo baba mtu mwenyewe hajaota ndevu. Mdomoni mwake yalibaki meno manne, na wanunuzi wa soko zima waliyaogopa hayo manne kuliko mbwa mwenye yote. Madalali wanaume huingiza mikono chini ya shuka wakashikana vidole, wakapeana bei ambayo jicho la mtu wa tatu haliioni. Yeye ni mwanamke, hawezi kushikana vidole na waume za watu. Basi alitumia mdomo. Waliowahi kupitia njia zote mbili walisema heri vidole.

Kilichomnyima Kadar utulivu ni karatasi. Kijana huyu wa miaka ishirini alichezea Twiga wa Tana, timu ya mpira wa kikapu ya mjini, iliyopanda ligi kubwa mwaka uliopita na kuufanya mji mzima ujifunze kuhesabu pointi. Yeye ndiye aliyesimama chini ya kikapu na kuwanyang'anya watu mipira kama anayechuma matunda. Kwa kazi hiyo alilipwa shilingi elfu nane kwa mwezi, na glasi ya maziwa ya ngamia baada ya mazoezi. Viatu vyake ni namba hamsini. Garissa havipo. Hununuliwa Nairobi, huja kwa basi kama abiria, na nauli yao hulipwa.

Sasa mkataba mpya ulikuwa umetoka, kurasa nne, na ukurasa wa pili ulisema elfu kumi na mbili. Usajili wa wachezaji wa msimu ulikuwa unafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni. Na baba yake alikuwa amepiga simu kutoka Eldas, maneno mafupi, maana baba huyo huongea kama anayelipia kila neno:

"Ukipata mkataba wa kumlisha mtu mzima, cheza. Usipopata, kesho panda lori uje. Ngamia hawana msimu."

Kadar aliwapenda ngamia wa baba yake kama mtu anavyompenda mama mkwe: kwa mbali, na kwa heshima.

Alikuwa ameshajaribu kudai mwenyewe. Mara ya kwanza alikwenda dukani kwa mwenye timu kuomba nyongeza, akatoka na soda. Mara ya pili alitoka amepakia mifuko sita ya saruji kwenye gari la mteja, tena akashukuru. Aliposimulia hayo nyumbani, mtaa wa Iftin, bibi yake aliweka kikombe chini.

"Mwambie aje sokoni Jumatano. Mimi siku ya soko sitoki hata kwa mazishi."

"Ayeeyo, yule ni tajiri. Hawezi kuja kwenye vumbi."

"Hilo vumbi ndilo lililomzaa."

Na kweli, saa tisa na nusu, Hared, mwenye timu, alikuja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, na ndevu za hina zilizochanwa vizuri, na maduka matatu ya mabati na misumari. Lakini kabla mabati hayajamnyanyua alikuwa kijana wa kushika mbuzi masikio katika soko hili hili. Alitembea akiinua kikoi kidogo, akichagua pa kukanyaga. Nyuma yake alikuja Katibu wa klabu, kijana wa Mwingi aliyevaa shati jeupe, na faili kifuani kama mtoto mchanga. Katibu hakujua Kisomali, kwa hiyo ilibidi wote waongee Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Ayeeyo kilikuwa cha sokoni, kifupi, chenye meno mengi kuliko yeye mwenyewe.

Rafiki yake Kadar, Bishar, mchezaji mwenzake, alikuwa ameegemea boma la mbuzi akitafuna kijiti cha mswaki.

"Buda, saini tu hiyo kitu," alinong'ona. "Kumi na mbili ni kumi na mbili. Wakituacha nje ya list tutachezea nani? Korongo?"

Korongo walikuwepo, wanane, wamesimama juu ya ukuta wa machinjio na shingo zao za upara kama wazee wa kamati.

Ayeeyo hakuanza na bei. Alianza na afya ya Hared. Akaja kwa wake zake, mmoja mmoja, kwa majina, akitua kidogo kwa yule wa tatu ambaye si kila mtu alijua kwamba yupo. Akauliza mvua. Akauliza visima. Kadar alikaa, akasimama, akatazama simu: saa kumi kasoro.

"Sasa, Hared mtoto wa Kerrow," alisema mwishowe, "umekuja kununua?"

"Hapana, Eeddo. Nimekuja kusaini mchezaji. Binadamu hanunuliwi," alisema Hared, akimwita shangazi kwa heshima.

"Hapo kweli. Lakini huyu mwaka mzima wewe unamlisha bei ya mbuzi moja kwa mwezi." Akageukia madalali waliokwisha kusogea. "Tena mbuzi kavu. Haina maziwa."

Watu wakacheka. Hared naye akacheka, maana mtu asipocheka sokoni bei humpanda.

"Nimeongeza, Eeddo. Kumi na mbili."

"Mbuzi imenenepa. Mimi nataka thelathini na tano."

"Thelathini na tano! Eeddo, mimi nina wachezaji kumi na mbili. Basi la kwenda Nairobi ni langu. Mipira hupasuka na hili joto kama mahindi."

"Basi cheza na mahindi."

Wakaendelea. Hared alipanda kama mzee anayepanda ngazi, akishika kiuno kila hatua: kumi na nne, kumi na tano. Ayeeyo alishuka kama anayeshushwa kwa nguvu: thelathini na mbili, thelathini. Katibu alifungua faili, akafunga, akafungua. Jua likasogea kwenye mabati. Hared alipofika kumi na nane, moyo wa Kadar uliruka kimo ambacho mwenyewe angekionea wivu. Kumi na nane! Hiyo ilikuwa viatu na chakula, na kitu cha kutuma Eldas. Baba angekubali.

Akainama, kazi si ndogo, hadi sikioni kwa bibi yake, akasema kwa Kisomali, "Ayeeyo, inatosha. Funga."

Fimbo ilimgusa kidole cha mguu, si kwa mapenzi.

"Bado," alisema Ayeeyo. Kisha akasimama, akainua sauti ili wamsikie mpaka upande wa ngamia. "Bei iko karibu. Kabla haijafunga, nataka kusema ila."

Madalali wakasogea zaidi. Ila ni kasoro ya mnyama, na sheria ya soko lile haina karatasi wala haihitaji. Muuzaji husema kasoro kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, kabla bei haijafungwa. Ukificha jino bovu au chuchu iliyokufa, mnyama hurudi kwako hata baada ya mwezi, na jina lako hurudi naye likiwa limekonda. Mnunuzi naye akishaambiwa na akakubali, hana ruhusa ya kurudi kesho akilia.

Kadar hakuelewa mara moja. Alipoelewa, baridi ilimpitia mgongoni katika joto lile la Garissa, na baridi huko si jambo la kila siku.

"Ayeeyo, hapana," alisema. "Hapana, tafadhali."

"Hii goti ya kushoto," alisema Ayeeyo, akaielekezea fimbo. "Iliumia mwezi wa Ramadhani, huko Ijara, mashindano ya usiku. Aliruka, akashukia mguu ya mwenzake. Akikimbia sana inavimba kama nazi. Kila jioni mimi napaka mafuta ya mkia ya kondoo. Nimesema. Mumesikia?"

"Tumesikia," walijibu madalali, na sauti kubwa ilikuwa ya mzee Abdisalam wa ngamia, ambaye husikia vizuri tu mambo yasiyomhusu.

Miezi mitano Kadar alikuwa ameficha goti lile. Alivaa soksi ndefu na kusema ni fasheni. Alichechemea chooni tu, mlango ukiwa umefungwa. Kocha hakujua. Bishar hakujua.

"Ati goti?" Bishar aliutoa mswaki mdomoni. "Ati goti, na mimi ndiye nakupasia mipira?"

Mawazo ya Kadar yalikuwa mbali. Alikuwa ameshafika Eldas. Aliuona mdomo wa kisima, aliiona ndoo, aliwaona ngamia wakimtazama kwa zile kope zao ndefu kama wanaosema, tulikwambia.

"Kwa nini?" alimuuliza bibi yake.

"Kwa sababu nitakufa, na nitaulizwa," alijibu Ayeeyo, akakaa.

Hared alilitazama goti. Akamwambia Kadar atembee. Kadar akatembea kwenda na kurudi mbele ya boma, pale pale wanapotembezwa mbuzi. Akaambiwa achuchumae, akachuchumaa. Mnunuzi mmoja mgeni, aliyefika kwa kuchelewa na kukuta umati, aliuliza kwa sauti huyu ni wa kuchinja au wa kufuga. Wengi walikohoa.

Hared alifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Goti ni goti," alisema. "Sisi sote tuna magoti. Basi tushuke kidogo, Eeddo. Kumi na sita. Katibu, andika, kijana asaini, muda unakwisha."

Katibu akatoa kalamu. Kadar akaikamata kabla haijanyooshwa. Kumi na sita, na goti limejulikana, na bado wanamtaka! Alikuwa ameshatafuta pa kuegemeza karatasi, mgongoni mwa Bishar, alipogundua kwamba Ayeeyo amenyamaza.

Soko lile lilikuwa limemsikia mwanamke huyo akitukana, akiomba, akilia machozi ya kukodi na kuapa kwa kondoo wa Nabii Ibrahimu. Kunyamaza halikuwahi kumsikia. Alikuwa akitazama makubazi ya Hared, ambayo hayakuwa yamesogea hata inchi.

"Weka kalamu chini," alisema.

"Ayeeyo, saa kumi na moja hii!"

"Chini." Kisha akamgeukia Hared, taratibu. "Miaka arobaini mimi nauza mbuzi. Nikisema huyu anachechemea, mnunuzi anafanya kitu moja kati ya mbili. Anaondoka. Ama anakata bei nusu, halafu anaondoka, ili nimuite. Wewe umekata elfu mbili. Na bado umekaa. Tena una haraka."

"Nina duka, Eeddo. Watu wananisubiri."

"Mnunuzi akiambiwa mguu mbovu na asiondoke, huyo ameshamuuzia mtu mwingine. Nani amesimama nyuma yako?"

Hared akacheka. Katibu akageuka kutazama nyuma, maskini, akaona punda tu.

"Hakuna mtu, Eeddo."

"Mimi nimesema ila yangu. Sasa sema ya kwako. Mashahidi ni hawa hawa." Akakunja mikono juu ya fimbo. "Ama sema wallahi hakuna mtu. Sema hivyo, mimi nanyamaza, na huyu atasaini kumi na sita. Nitamshikia hata karatasi."

Hared akafungua mdomo. Watu wote wakauangalia huo mdomo. Sasa, mtu anaweza kusema uongo dukani, na kwenye karatasi yenye muhuri, na kwa mke wa tatu. Lakini kuapa uongo siku ya soko, mbele ya madalali waliokufundisha kusoma meno ya mbuzi, hilo ni jambo ambalo watoto wako watalikuta likiwasubiri njiani. Hared aliufunga mdomo. Akachuchumaa, akachora kitu vumbini kwa kidole, akakifuta.

"Kuna klabu ya Nairobi," aliiambia ardhi. "Wanamtaka. Mwezi wa tatu wa msimu."

"Aaah," lilisema soko zima, kama paa inayopata mvua.

"Ila ya pili iko karatasi gani?" aliuliza Ayeeyo. "Wewe shati nyeupe. Soma."

Katibu alitafuta ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa Mwingi: klabu inaweza kumhamishia mchezaji klabu nyingine wakati wowote, na malipo yote ya uhamisho ni ya klabu.

Kadar alikuwa ameusoma ukurasa huo. Mara tatu. Macho yake yalikuwa yakitafuta tarakimu, na maneno yaliyokuwa katikati aliyaruka kama mtu anavyoruka miiba. Akasimama pale na kitu kikafanyika ambacho hakuna aliyekitarajia: miguu yake ikatulia. Yote miwili. Alikumbuka soda. Alikumbuka mifuko sita ya saruji, na goti lake likiuma kwa kila mfuko.

"Adeer Hared," alisema, akimwita ami, "huko Nairobi daktari atanikagua?"

"Lazima."

"Akikuta goti bovu, watakulipa?"

Hared alizishika ndevu zake za hina.

"Basi utalitibu kwanza. Hospitali, kwa pesa ya klabu, na nikiwa natibiwa mshahara unaendelea. Na siendi popote mpaka mimi mwenyewe nisaini. Na hayo malipo ya uhamisho, nusu ni yangu."

Ayeeyo aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia mbuzi wake mwenyewe akiongea. Halafu akajitazama kucha, asionekane amefurahi.

"Nusu!" Hared aliruka. "Mimi nimekulea miaka miwili!"

"Kwa elfu nane, Adeer. Na glasi ya maziwa."

"Theluthi."

"Nusu."

"Wewe mtoto umeanza lini kuongea?"

"Leo," alisema Kadar. "Na mshahara ishirini na tano."

Hared alimtazama Abdisalam, akitafuta mtu mzima wa kumwonea huruma. Mzee yule alikuwa akitazama korongo. Hared akahema, akainua mkono, akautupa chini kama anayetupa ngozi.

"Andika," alimwambia Katibu. "Andika kabla hajadai na duka."

Katibu alifuta na kuandika pembeni kwa mkono, na Ayeeyo akamlazimisha kusoma kila mstari mara mbili. Alidai pia wa mwisho uwe: klabu imemchukua mchezaji huyu pamoja na goti lake la kushoto, ikijua. Katibu alisema maneno hayo hayana kifungu. Aliambiwa ayatafutie. Kadar akasaini juu ya mgongo wa Bishar, Hared akasaini, mashahidi wawili wakaweka majina, na saa ilikuwa kumi na mbili kasoro robo.

Hapo mtandao ukaondoka.

Katibu alipiga picha kurasa zote nne na kuzituma, na kile kiduara cha simu kikazunguka, kikazunguka. Akatembea kushoto, akatembea kulia. Hatimaye mtu akakumbuka kwamba mawimbi hupatikana juu ya ngazi ya zege ya kupakia ngamia kwenye malori. Kadar akapanda mbio, goti likimtukana kila ngazi, akafika juu, akanyoosha mkono wote kwenda mbinguni na simu ya Katibu kwenye ncha ya vidole. Alisimama hivyo dakika saba. Soko zima lilisimama chini, vichwa juu, tajiri kati yao. Zikisalia dakika tatu, simu ikalia kidogo, kama kifaranga.

"Imeenda!" alipiga kelele Katibu.

Baada ya Magharibi Kadar alimpigia baba yake. Nyuma ya sauti ya baba zilisikika kengele za mbao shingoni mwa ngamia.

"Umepata?"

"Nimepata, aabo. Wa kumlisha mtu."

"Bibi yako alisema ila?"

"Alisema."

Kengele ziligonga kwa muda.

"Basi baki huko," alisema baba, akakata.

Aliporudi bomani, Ayeeyo alikuwa amefungua kopo la rangi ya buluu, ile ya kutia alama mbuzi waliouzwa lakini hawajakabidhiwa. Alichovya kidole. Kabla Kadar hajajua, mstari mrefu ulikuwa umepita mgongoni, juu ya jezi yake mpya ya timu, kati ya moja na nne za namba kumi na nne.

"Ayeeyo! Hii haitoki!"

"Ndiyo maana naipenda. Mpaka huyo alipe mwezi wa kwanza, wewe bado uko katika boma langu. Kaa."

Kadar akakaa juu ya dumu. Mguu wa kushoto ulikuwa unauma. Wa kulia ulikuwa umeshaanza tena kucheza, tik tik tik, sasa kwa sababu ya Nairobi.

Bishar alisogea polepole, akageuka, akampa bibi yule mgongo, naye apakwe rangi.

"Ayeeyo, na mimi. Mkataba wangu ni Ijumaa."

"Ila yako nini?"

"Sina."

"Basi nenda zako. Mnyama haina ila ni ya wizi."

Bishar alifikiri. Alifikiri mpaka mbuzi wa mwisho wakafungiwa. Kisha akainama na kuanza kunong'ona sikioni kwa Ayeeyo Abshiro, akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, na bibi yule akavuta dumu jingine akamwambia akae, hii itachukua muda.